Aliyetuzuia Njiani Marui

Mwanangu Shomari,

Salamu za kuulizana hali naziruka, kwa sababu hali yako naiona. Hapa nilipoegemezwa mito nakutazama kupitia dirishani. Umekaa kwenye kigoda uani, baiskeli umeigeuza magurudumu juu, na gobori langu umelipakata mapajani. Nasikia mdeki, ule ufito wa kusafishia, ukiingia na kutoka ndani ya mtutu. Kitambaa umekitia mafuta ya nazi kama nilivyokufundisha, na kila ukikitoa unakigeuzageuza kwenye mwanga kuona kama kimetoka safi. Unalisafisha vizuri. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Msumari juu ya mlango uko mtupu tangu adhuhuri.

Nakumbuka tulivyosemezana, na wewe najua unakumbuka, lakini naandika ili tuanze pamoja.

"Baba, kesho naondoka na gobori," ulisema.

Nikakwambia, "Liache."

"Njia ya Mlandizi ina wanyang'anyi. Juzi wamemvua mtu mpaka shati."

"Liache, Shomari."

"Unataka nife kama Baba Mkubwa Kondo? Yeye alikufa mikono mitupu. Wewe ulipopata bunduki ulimwangusha mmoja mchana kweupe, Mzenga nzima inajua. Ulinilinda mimi nikiwa mchanga. Sasa leo nakatazwa kwa nini?"

Nilifungua kinywa nikujibu, kikohozi kikanikamata. Ukanishika mgongo mpaka kikatulia, ukaninywesha maji, ukanifuta. Kisha ukaona nimenyamaza, ukakuhesabu kunyamaza kwangu kuwa ruhusa, ukapanda kigoda ukalitungua.

Ruhusa sikukupa. Sauti yangu siku hizi haifiki mwisho wa sentensi, lakini mkono bado unafika, ndiyo maana nimemwambia mama yako aniletee karatasi. Mambo ya chakula, ya swala, ya kumheshimu mjomba wako utakayekaa kwake Mlandizi, hayo mama yako amekwisha kukuambia na atakuambia tena kesho ukiwa na mguu mmoja juu ya baiskeli. Mimi nina moja tu. Nataka gobori lirudi msumarini kabla hujaondoka. Siwezi kuinuka kukunyang'anya. Ningekuwa naweza, nisingekuwa naandika haya, maana kwa miaka yote hii niliyokuwa na nguvu sikuyasema.

Nianze na Kondo, kwa kuwa ndiye uliyemtaja.

Umesimuliwa kwamba wanyang'anyi walimvizia. Sivyo. Hawakutuvizia. Walikuwa wamekaa juu ya gogo, wametulia, kwenye njia ya kutoka huku Mzenga kwenda Kisarawe, jua likiwa juu kabisa. Mimi na Kondo tulikuwa na mizigo ya nta na sandarusi kichwani. Walikuwa wawili. Mmoja alisimama, akaweka mikono kiunoni, akapaza sauti kwa lafudhi ya Kinyamwezi:

"Wazaramo! Simameni hapo hapo! Nani amewapa ruhusa kupita na mali ya babu yetu?"

Unajua mwenyewe sisi na Wanyamwezi tulivyo. Mtani akikuzuia njia husukumi. Akikuvua kofia unacheka, akimshika kuku wako miguu unamtukania ukoo wake, mkimaliza mnakula pamoja huyo kuku. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Kondo alikuwa bingwa wa utani. Alisimama pale pale akajibu:

"Babu yenu alikuja pwani amebebeshwa pembe za watu. Atakuwa na mali gani huyo?"

"Alibeba pembe akaona dunia! Babu yako alikuwa juu ya mnazi, anaogopa kushuka!"

"Alikuwa anaogopa harufu yenu!"

Nilicheka mpaka mzigo ukanitikisika kichwani. Yule mtu akasema, "Tua, mtani, tukague, maana Mzaramo hana mzigo ambao hakuuiba." Kondo akatua. Alitua mwenyewe, kwa mikono yake, huku anacheka, akainama kufungua kamba. Yule wa pili, ambaye alikuwa hajasema neno, akazunguka nyuma yake kama anayetaka kuuona mzigo vizuri. Alikuwa na rungu. Alimpiga Kondo kisogoni mara moja tu.

Mimi nilikimbia. Nilitupa mzigo nikakimbia, na niliporudi na watu nilimkuta kaka yangu amelala kifudifudi kwenye sandarusi iliyomwagika. Aliishi siku chache bila kumtambua mtu, akafariki.

Kwa miezi mingi nilirudia njia ile kichwani, na yale niliyoyapata nakupa, maana kesho njia ni yako. Yule wa pili alikuwa anacheka kwa kuchelewa. Mwenzake akitoa neno, alimtazama kwanza, ndipo akacheka. Nilimwona, nikadhani ni mjinga. Walisema wametoka mbali, lakini hawakuwa na mzigo, wala kibuyu cha maji, wala vumbi miguuni. Niliona hayo yote, Shomari. Macho yangu yalikuwa mazima. Ila niliyaona kama mtu anavyoona majani.

Na kubwa kuliko yote, hapakuwa na watu. Mtani akikunyang'anya anataka ushahidi. Anataka wanawake kisimani wasikie, anataka wazee barazani wacheke, maana utani bila wa kuucheka hauna ladha, ni kama ngoma bila wachezaji. Wale wawili walichagua pahali ambapo hata jogoo hasikiki.

Kwa hiyo ukizuiwa njiani, yule anayesema mbele yako si wa kumtazama sana. Kazi yake ni kukufanya umtazame yeye. Tafuta wa pili yuko wapi. Usimkubalie mtu yeyote apite nyuma yako, hata akiwa anakuita ndugu; geuka naye, weka baiskeli kati yako na yeye. Tazama mikono, nyuso acha. Kwenye kilima mahali unaposhuka kusukuma baiskeli, pale ndipo watakapokutaka, kwa sababu mikono yako yote miwili ina kazi na pumzi huna. Kabla hujafika pale simama chini, pumua, tazama nyasi, sikiliza kama ndege wanaendelea na mambo yao. Ita majina kwa sauti, "Juma! Harakisheni basi!", hata kama nyuma yako hakuna Juma. Mwizi anahesabu watu kabla hajahesabu mali. Na wakitokea kweli, mzigo wako wa mchele utupe upande mmoja, wewe kimbilia mwingine. Wataufuata mchele. Nilipokimbia siku ile watu walinihurumia kwa kunyamaza, nami nikaona aibu, na aibu ile ndiyo iliyoninunulia bunduki. Lakini leo nakuambia kukimbia hakukuwa kosa langu. Makosa yangu yalikuja baadaye, nikiwa nimesimama imara.

Wakati ule nilikuwa karani wa baraza Kisarawe. Nilikuwa nimesoma, wakubwa wa boma walinijua, kibali cha gobori sikukipata kwa taabu. Nikasema ni la kufukuzia nguruwe shambani. Nililitembeza kila mahali isipokuwa shambani.

Nataka ujue jinsi linavyomfanya mtu, maana wewe unadhani utakuwa Shomari yule yule, ila una bunduki. Hapana. Kwanza linatoa risasi moja tu. Baada ya hiyo umebaki na fimbo nzito, na hadi umwage baruti, ushindilie, utie vipande vya chuma, uweke fataki, mtu aliye na panga amekwisha kufanya analolitaka na kuondoka. Wanyang'anyi wanalijua hilo kuliko wewe. Wakikuona nalo hawatakuja mbele tena, watakuja ubavuni na wakiwa wamekwisha kuamua, maana sasa una kitu kizuri kuliko mchele. Lakini hayo ni ya nje. La ndani ni baya zaidi. Nilipokuwa mikono mitupu, nikisikia mchakacho nilijiuliza, "Ni nini kile?" Nilipokuwa na gobori niliacha kuuliza. Kidole kilikuwa kimekwisha kujibu. Kila kichaka kilikuwa na watu wale wawili. Nilianza kuwachukia Wanyamwezi wote, mimi niliyelelewa kwa mizaha yao. Mmoja akinipigia kelele barabarani, "We Mzaramo, kofia hiyo umeipora wapi?", mkono wangu ulikwenda kwenye mtambo kabla sijamwona sura. Walianza kuniogopa, wakaacha kunitania. Nikafurahi, nikadhani ndiyo usalama.

Mmoja hakuacha. Jina lake Maganga.

Huyu Maganga alikuja kutoka Unyamwezi akiwa kijana, akafanya kazi ya mkonge, kisha akaoa na kuhamia Marui, jirani na kwao mama yako. Mtu mfupi, mwenye pengo hapa mbele, mdomo wake haukufungika. Alilima vizuri. Siku ya harusi yangu alikalia mkeka wa bwana harusi akakataa kuondoka mpaka apewe ada yake na paja la mbuzi. Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi pia nilicheka, wakati huo Kondo alikuwa hai.

Mama yako alikwenda kukuzaa kwao Marui, kama ilivyo desturi ya mzao wa kwanza. Arobaini ilipotimia nikaenda kuwachukua. Tulitoka asubuhi, jua limeshapanda. Mimi nilitangulia na gobori limeshindiliwa, mama yako nyuma yangu amekubeba kwa mbele ndani ya kanga, na nyuma yake shangazi yake, Bi Tatu, aliyekuja kutusindikiza. Humkumbuki, alifariki ungali mdogo. Bi Tatu alikuwa anabaki nyuma. Nilimwambia ajikaze, akasema miguu ya mtu mzima haitumwi. Nikasikia anacheka peke yake.

Soma hapa taratibu, mwanangu. Nilimsikia akicheka. Yale niliyokufundisha juu ya ushahidi na watu wa kucheka, nilikuwa ninayajua siku ile. Nilikuwa nimeyajua kwa damu ya kaka yangu. Na nyuma yangu mtu alikuwa anacheka, na sikugeuka, kwa sababu macho yangu yote yalikuwa mbele kwenye nyasi, yanalitafutia gobori kazi.

Alitokea ubavuni. Uso ameupaka majivu, jani la mgomba kichwani, na panga mkononi, maana alikuwa anatoka kufyeka shamba lake lililokuwa pale pale pembeni. Alirukia katikati yetu, akalishika lile furushi la kanga lililokuwa na wewe, akapiga kelele:

"Mtoto wa Mnyamwezi huyu! Nani amewapa mtoto wetu? Baba yake alipe jogoo, la sivyo namchukua Unyamwezi!"

Mama yako alicheka. Alikwisha kumjua. Naye anasema mpaka leo kwamba alianza kutamka jina lake.

Nikafyatua.

Moshi wa gobori unaujua, humwoni mtu. Nilichosikia kwanza ni wewe. Ulilia sauti ambayo sijaisikia tena kwako wala kwa mtoto mwingine. Moshi ulipopungua niliona mama yako amekaa chini, amekukumbatia, na kanga ina damu, na damu inatoka kichwani mwako upande wa kulia. Kipande kimoja cha chuma kilipita na ncha ya sikio lako.

Sikio hilo, Shomari. Tumekuambia miaka yote kwamba uliungua na kibatari ulipokuwa unatambaa. Hakukuwa na kibatari. Kovu hilo ni langu. Ulisema leo kwamba nilikulinda ukiwa mchanga. Upana wa kidole ndio uliokulinda, na mama yako aliyegeuza bega.

Maganga alikuwa amekaa. Hakuanguka, alikaa kama mtu aliyechoka, mikono tumboni. Majivu yalikuwa yanatiririka na jasho. Akanitazama, na bado alikuwa na lile pengo lake mdomoni kama anayetaka kutabasamu, akasema, "Mtani... leo umezidisha."

Hakusema lingine. Bi Tatu alifika anakimbia, akaanguka juu yake, anapiga kelele, "Mimi ndiye niliyemwambia! Mimi ndiye niliyemwambia saa ya kupita!" Walikuwa wamepanga wote wawili kutufurahisha. Kiunoni Maganga alikuwa amefunga kitambaa, na ndani yake kikuku kidogo cha waya wa shaba, cha mkono wa mtoto, kile wanachosuka Wanyamwezi wenyewe. Alikuwa amekuletea zawadi. Alitaka kwanza apewe jogoo.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo sikuthubutu kulisema hata peke yangu ndani ya sijida.

Watu walisikia mlio, wakaja, jumbe akiwa mbele. Walikuta mtu amelala ana panga na uso wa majivu, mtoto anatoka damu, na karani wa baraza amesimama na bunduki. Jumbe hakuniuliza nimefanya nini. Aliniuliza, "Ndiye aliyemuua Kondo huyu?"

Nilikuwa na muda wa kujibu. Usidhani nilibabaika. Nilifikiri juu ya kazi yangu, kamba ya serikali, na mama yako mjane na mtoto wa siku arobaini. Nikasema, "Ndiye."

Neno moja. Jumbe akamgeukia mama yako. Mama yako akakutazama wewe, sikio lako, kisha akainamisha kichwa, na jumbe akalichukua hilo kuwa ndiyo. Bi Tatu alinyamaza, na kunyamaza huko kulimla mpaka kaburini. Boma waliuliza maswali machache, wakaridhika. Watu walikuwa wanamtafuta muuaji wa Kondo kwa muda mrefu, nami niliwapa mmoja. Wakanisifu. Wazee walinipa mkono. Kisha wakaenda wakaing'oa nyumba ya Maganga, wakamfukuza mkewe na kitoto chao cha kike wakiwaita jamaa wa mwizi. Usiku wa siku hiyo mama yako alikuvalisha kile kikuku mkononi, bila kuniuliza. Ulikivaa mpaka mkono ukakishinda. Ulikuwa ukikitafuna ulipoota meno.

Ile hadithi ya baba aliyemwangusha mnyang'anyi uliikuta tayari, imekwisha kukaa kwenye vinywa vya watu, na wewe ukaipenda. Ulipokuwa unawasimulia wenzako nilikuwa nainuka natoka. Ulidhani ni unyenyekevu.

Nikueleze sasa kwa nini naandika leo na sikungoja.

Mke wa Maganga yuko Mlandizi. Anauza vitumbua na uji kando ya barabara, hapo malori yanaposimama, na huwezi kwenda kwa mjomba wako bila kupita mbele yake. Nilimwona mara moja, kazi iliponipeleka huko. Nilivuka upande wa pili nikafunika uso na leso kama mwenye mafua. Binti yake, Kalunde, ni mwanamke mzima sasa, wanauza pamoja. Mjomba wako ameniambia habari zake akiwa hajui ananiambia nini: kwamba kuna Mnyamwezi pale Mlandizi ana mdomo hauna breki, hakuna Mzaramo anayepita salama, anawarukia kutoka nyuma, anashika baiskeli, anawaambia shukeni mlipe ushuru wa babu yetu. Pale sokoni wanamcheka, wanampenda.

Umeelewa, mwanangu? Kesho utapita pale umechoka, umetoka kwenye pori lenye wanyang'anyi, umejaa maneno ya njiani. Mgongoni una gobori limeshindiliwa. Na mtoto wa Maganga atakurukia kutoka nyuma.

Tangu adhuhuri sioni kitu kingine. Nikifumba macho naona hilo.

Na hata kama hutafyatua, hata kama wewe ni mtulivu kuliko mimi, kitako cha gobori kimefungwa bati la shaba, Marui yote inalijua. Mama yake atalijua. Atakuona unapita nalo, kijana wa sura yangu mwenye sikio lenye kovu.

Nilifikiri kuliharibu. Leo alasiri, ulipokwenda kuaga kwa babu zako, nilimwambia mama yako alete kopo la baruti nilitie maji. Akaleta. Nikawa nimeshika kikombe, nikaacha. Kwa sababu kama ungekwenda njiani ukiamini una bunduki hai kumbe imekufa, ungesimama mahali ambapo ungekimbia. Ningekuwa nimekupiga mara ya pili. Kwa hiyo baruti ni kavu, fataki zimo kwenye kopo, sijakuficha kitu. Uamuzi uko mikononi mwako, na ndiyo maana sina usingizi wala sina pumzi.

Mama yako amekaa hapa mlangoni tangu nilipoanza kuandika. Nilipofika kwenye neno "Ndiye" nikaweka kalamu chini, nikamwambia sitaweza.

"Mwambie," akasema.

"Atanichukia."

"Akuchukie akiwa hai, Baba Shomari. Mwambie sikio lake."

Basi nimekuambia.

Nakuomba hivi. Lirudishe msumarini. Chukua ile fimbo yangu ya mpingo, inatosha kwa mbwa na kwa mtu mmoja, na ukipiga, piga ili upate njia ya kupita, usipige ili ushinde. Mama yako atakupa kikuku, kimo ndani ya kasha lake miaka yote hii. Ukifika Mlandizi usivuke upande wa pili kama mimi. Pita pale pale. Akikurukia, shuka kwenye baiskeli. Geuka, mtazame mikono, utaona ina unga wa vitumbua. Akikuvua kofia, mwache. Akikutukana, umjibu kama Kondo angejibu. Najua unaweza, ulimi huo umeurithi. Wacha watu wacheke. Na wakishacheka, mwombe mama yake mkae pembeni, umpe kikuku, umsomee barua hii yote, tangu mwanzo. Kisha umwombe ruhusa isomwe mbele ya watu, na ipelekwe Marui kwa jumbe aliyepo sasa, asomewe kila aliyeng'oa boriti ya nyumba ile. Kama serikali itataka kunifuata, nipo hapa kitandani, sitawasumbua kunitafuta. Jina la Maganga lisafishwe nikiwa bado nasikia. Nimechelewa, lakini usimwambie nilichelewa kwa ugonjwa. Mwambie nilichelewa kwa woga.

Kunisamehe sikuombi leo. Hilo utalifikiri mwenyewe barabarani, una safari ndefu.

Mdeki umenyamaza. Umegeuza baiskeli, imesimama kwa magurudumu yake. Nakusikia unamwuliza mama yako kopo la baruti liko wapi, ulishindilie kabisa jioni hii ili alfajiri usipoteze muda. Anakujibu, "Ngoja kwanza, baba. Usishindilie. Baba yako ana neno."

Ananyoosha mkono aichukue karatasi. Nakata hapa.

Alfajiri utakapoingia kuniaga, nitautazama msumari kwanza. Ndipo nitathubutu kukutazama wewe.

Niko macho.

Baba yako